Mfarishi wa viraka wenye sura ya bustani: kudarizi kabla au baada ya kuunga?

SWALI: Fundi, salaam. Natengeneza mfarishi wa viraka visivyo na umbo maalumu, na nataka uwe na sura ya bustani. Nina vipande vya mahameli, satini, hariri na pamba. Nilidarizi ua kwenye kila kiraka kabla ya kuviunga. Satini imejikunja, na maua mengine yameliwa na mshono. Yaliyobaki yametawanyika tu, wala sioni bustani. Nifanyeje? Na ndani niweke pamba ya kujazia?

JIBU: Salaam, mwenzangu. Unga kwanza, darizi baadaye. Ukibadilisha hilo tu, nusu ya matatizo yako yameondoka.

Satini ni nyepesi. Ikidariziwa peke yake, kila ukivuta uzi nayo inafuata. Katika kazi hii viraka vyote hushonwa juu ya kitambaa cha msingi, na marekani nyepesi, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, inafaa sana. Ifue kwanza isije ikasinyaa baadaye, kisha ikate miraba ya kushonea viraka, kila mmoja ukiwa na ziada ya sentimita 5 hivi kila upande, maana darizi huvuta na mraba hupungua. Kipimo kamili utakikata mwishoni.

Anza na kiraka chenye pembe 5, karibu na katikati lakini si katikati kabisa. Laza cha pili juu yake, uso kwa uso, shona ukingo mmoja hadi kwenye marekani, kifunue, kibane kwa kucha, halafu endelea kuzunguka. Pasi iwe ya uvuguvugu. Mahameli usiiguse usoni. Ilaze kifudifudi juu ya taulo, vinginevyo manyoya yake yatalala na huenda yasiinuke tena.

Sasa bustani yenyewe. Maua yako yametawanyika kwa sababu kila kiraka kina ua lake, kama vyungu vilivyopangwa dirishani. Yaanzie kwenye maungio. Funika ungio kwa mshono wa unyoya: huo tayari una matawi kulia na kushoto, kwa hiyo unachobakiza ni kutia petali za mshono wa mnyororo kwenye ncha, au vifundo vitatu vitatu viwe matumba. Mshono wa mfupa wa samaki unatoa wigo mzuri wa fito. Mshono wa blanketi, ukiufanya wenye kimo kisicholingana, unakuwa majani ya chini.

Kisha chagua mmea mmoja mkubwa, shina lake livuke viraka vitatu au vinne bila kujali maungio. Huo ndio utakaoshika kazi nzima pamoja. Kabla ya sindano ya kwanza amua upande upi ni ardhi, mimea mirefu isimame ikitazama upande mmoja. Na acha viraka vingine vitupu! Hasa vyenye maua ya kuchapwa: darizi juu yake haionekani, unachosha macho yako bure.

Uzi wa darizi wenye nyuzi 6 uutenganishe: nyuzi 2 kwa majani membamba, 3 kwa maungio. Kwenye mahameli uzi mwembamba huzama, kwa hiyo ongeza nyuzi au tumia riboni ya hariri ya milimita 4. Riboni hiyo ikate fupi, sentimita 30 hadi 40, kwa sababu huchakaa kila inapopita kwenye kitambaa, na sindano iwe na tundu kubwa. Fremu ya duara izungushie utepe wa pamba, na uivue kila unapopumzika, la sivyo itaacha alama. Shanga ziwe za mwisho kabisa. Ukizitangulizia, uzi utanasa kwenye kila moja. Zisikaribie ukingo pia, utakapounga miraba mguu wa cherehani utazigonga.

Kuhusu pamba ya ndani: sikushauri. Mifarishi ya aina hii ilipovuma Marekani na Uingereza katika miaka ya 1880, mingi haikujazwa kitu, kwa kuwa ilikuwa pambo la kutandaza juu ya kochi kuliko kitu cha kujifunikia. Viraka, marekani na darizi tayari ni uzito wa kutosha. Tia bitana tu, ishikize kwa vifundo kutoka nyuma kila baada ya sentimita 10 hivi, ukivificha chini ya maua.

Ule mraba uliokwisha kujikunja usiutupe. Fumua kingo, kata maua yaliyosalimika pamoja na kitambaa chake, ukiacha sentimita 1 kuzunguka, kunja ukingo huo ndani kisha uyapachike juu ya viraka vipya kwa mshono mdogo wa kufichika. Nyuzi nyekundu na za zambarau zijaribu kwanza: loanisha kipande, kibane kwenye kitambaa cheupe. Zikitoa rangi, zibadilishe sasa.