Nani aliyavunja mawe ya kale? Majibu kwa wasomaji

Nilifundishwa kwamba kanisa ndilo lililoangusha mawe ya Avebury kwa sababu yalikuwa ya kipagani. Rafiki yangu anasisitiza kwamba ni wakulima. Nani kati yetu ana haki?

Rafiki yako ana haki zaidi, ingawa nawe hujakosa kabisa. Avebury, kusini mwa Uingereza, ni duara la mawe lililojengwa yapata miaka 4,500 iliyopita, na katika karne ya 14 baadhi ya mawe yake yaliangushwa na kufukiwa mashimoni. Wapo wanaosema sababu ilikuwa hofu ya dini, na wapo wanaosema watu walitaka nafasi ya kulima. Mwaka 1938 mwanaakiolojia Alexander Keiller alikuta chini ya jiwe mojawapo mifupa ya mwanamume aliyezikwa na mkasi pamoja na sarafu za karne hiyo. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba jiwe lilimwangukia na kumuua, lakini mifupa ilipochunguzwa upya haikuonyesha majeraha ya mtu aliyepondwa.

Hata hivyo, jiwe lililofukiwa huweza kufukuliwa, na Keiller aliyasimamisha tena mengi. Hasara isiyorudi ilitokea katika karne ya 17 na ya 18. William Stukeley, mtafiti wa mambo ya kale aliyefika hapo mara kwa mara kati ya 1719 na 1724, aliandika jinsi ilivyofanywa: shimo lilichimbwa, majani makavu yakawashwa chini ya jiwe hadi likapata moto sana, kisha maji baridi yakamwagwa juu yake kwa mstari na nyundo kubwa ikamalizia pale palipopasuka. Vipande vilijengea nyumba za kijiji hichohicho, na hadi leo vinaonekana kutani. Mahali palipokosa jiwe Keiller aliweka nguzo fupi za zege, na mimi huziona kuwa ushahidi mzito kuliko maandishi yoyote, kwa sababu zinaonyesha ni mangapi yaliyoondoka kwa mikono ya watu walioyahitaji kama mawe ya kujengea tu.

Je, ni kweli kwamba wanaofanya ibada kwenye mawe siku hizi ndio waharibifu wakubwa?

Wakubwa, hapana, lakini madhara yapo na hayafai kufichwa. Mshumaa mdogo ukiwekwa kwenye upenyo wa jiwe huacha nta na masizi, na joto lake huweza kubanjua uso wa jiwe. Ninachokipinga ni kuwatuhumu kwa kila kovu. Alama ya mshumaa hujulikana: weusi hupanda juu kama ulimi kutoka sehemu moja. Nyundo huacha doa jeupe lenye kingo kali. Ng'ombe wanaojikuna hulainisha jiwe usawa wa mabega yao na kuikanyaga ardhi hadi mguu wa jiwe unabaki wazi. Tena tazama likeni, zile baka hai za kijivu na manjano zinazoota polepole mno: mpasuko uliofunikwa na likeni hauwezi kuwa kazi ya wageni wa juma lililopita.

Wenyeji hulinda na wageni huharibu. Si hivyo ndivyo ilivyo?

Avebury inakataa. Ila katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti, lilitokea jambo linalokaribia usemi wako. Hapo palikuwa na Jiwe la Odin, lenye tundu ambamo wachumba walishikana mikono na kula kiapo. Desemba 1814 mpangaji wa shamba aliyetoka nje ya visiwa, Kapteni Mackay, alilivunja kwa kuchoshwa na watu waliokatiza shambani kwake, na wenyeji walikasirika kiasi kwamba inasimuliwa walijaribu kuichoma nyumba yake.

Kuhusu Carnac: meya alikosea au hakukosea?

Juni 2023 ilitangazwa kwamba mawe madogo yapatayo 39 katika mji huo wa Ufaransa yalikuwa yameondolewa ili kujenga duka. Meya alijibu kwamba alifuata sheria, na idara ya utamaduni ya mkoa ikasema asili ya mabaki hayo haikuwa na hakika na kwamba kwa vyovyote hayakuwa na umuhimu mkubwa. Kwangu mimi, hiyo kutokuwa na hakika ndiyo kosa lenyewe, awe ni nani aliyelitenda. Kama kulikuwa na shaka, mawe yalipaswa kuchunguzwa yakiwa bado mahali pake, kwani tingatinga likishapita, mpangilio wa mawe na udongo ulioyashika, ambavyo vingemaliza ubishi, havipo tena.

Unga wa rangi ya machungwa uliorushwa Stonehenge mwaka 2024 uliharibu nini?

Unga uliorushwa kwenye mawe hayo ya kale ya kusini mwa Uingereza ulikuwa wa mahindi uliotiwa rangi, ukaondolewa upesi, na walinzi wa eneo walisema hawakuona madhara kwa macho. Wasiwasi wa haki ulihusu likeni.

Nikikuta jiwe limeharibiwa, nifanye nini?

Usilifute wala kulisugua, hata kama rangi bado ni mbichi. Lipige picha ukiweka sarafu kando ya alama ili ukubwa wake ujulikane, andika tarehe na saa, kisha upeleke taarifa kwa mamlaka ya mambo ya kale. Eleza ulichokiona, na jina la unayemshuku usilitaje ikiwa hukumwona akitenda.