Jina Likitoka Ubaoni: Kwa Ndugu Zangu wa Nyarugusu

Kila mara napokea ujumbe wa sauti kutoka kambini wenye swali lile lile: kesi ya kuhamia Marekani ikifunguliwa, twende au tungoje Kongo itulie? Mimi nasema nendeni. Kambi ya Nyarugusu, huko Kigoma, Tanzania, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita vya Kivu, na leo kuna waliozaliwa mle ambao nao wanalea watoto mle mle.

Najua Marekani ilisimamisha mpango wake wa wakimbizi Januari 2025 na kesi nyingi zimelala. Kipindi hiki kitumieni kunyoosha makaratasi.

Kinachovuruga kesi zetu hasa ni orodha ya familia. Kwetu mtoto wa marehemu kaka ni mtoto wako, basi. Afisa wa intavyu hahesabu hivyo. Ukimwandika kuwa umemzaa, kisha mkaitwa kupima DNA, au mtoto akaulizwa peke yake mama yake ni nani, kesi nzima inaingia shaka. Sema ilivyo: ni mwana wa kaka, baba yake alifia vitani, nimemlea mimi. Watoto wa kulea wana utaratibu wao. Unachelewesha, lakini hauui kesi. Wala usimfiche mke au mtoto aliyebaki Uvira, kule Kongo. Ukimtaja tangu mwanzo, sheria inakupa miaka 2 baada ya kufika kumwombea mwenzi wako na watoto walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa. Usipomtaja, kesho utamweleza vipi? Na mtu akizaliwa, akioa au akifa, nendeni HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, mara moja, msingoje kuitwa.

Huduma zote za kesi hizi ni za bure. Anayedai pesa ili jina lako lisogee ni mwizi, hata kama mnasali kanisa moja.

Tiketi, hata hivyo, si zawadi. IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, inakukopesha nauli na unatia sahihi kabla ya kusafiri. Mkopo hauna riba, na malipo huanza kama miezi 6 baada ya kufika. Familia kubwa inaweza kudaiwa maelfu ya dola. Msitishike, hulipwa kidogo kidogo kila mwezi, na anayelipa vizuri anaanza kuaminika kwa mikopo, jambo ambalo huku huangaliwa hata unapotafuta nyumba ya kupanga.

Shirika linalowapokea huwashika mkono kwa siku 90 hivi. Baada ya hapo kodi ni yenu. Mwalimu wa sekondari hujikuta akikata nyama kiwandani zamu ya usiku. Sioni aibu hapo, ila nimeona wanaume walioikataa kazi hiyo na nyumba zikavunjika. Akina mama nao wasifungiwe ndani: darasa la Kiingereza na leseni ya udereva ni vyao pia, maana miji mingi huku usafiri wa umma ni wa shida.

Mfuko mweupe wa IOM ubebeni mkononi, usiingie kwenye mizigo, na mkifika msiutupe. Karatasi zilizomo zitahitajika tena baada ya mwaka 1 mtakapoomba green card, yaani kibali cha kuishi Marekani kudumu, na baada ya miaka 5 mtakapoomba uraia.