Maswali na Majibu ya Uokaji: Pima Kwanza, Ndipo Uulize

Barua zimerundikana, na nyingi zinaanza na maneno yaleyale: "Nilifuata resipe yote, lakini..." Nimechagua hizi chache. Naomba tena, na sitachoka kuomba: unapoandika, taja uzito wa unga, joto la oveni na ukubwa wa chombo. Barua inayosema tu "keki yangu imeharibika, tatizo nini?" haijibiki.

Keki yangu hupanda vizuri ndani ya oveni, lakini nikiitoa inabonyea katikati. Nilitumia vikombe viwili vya unga kama ilivyoandikwa.

Vikombe viwili vilivyojazwa vipi? Ukizamisha kikombe kwenye mfuko wa unga na kukikung'uta, unaushindilia, na unaweza kupata gramu 150 au zaidi. Ukiujaza taratibu kwa kijiko, kisha ukasawazisha juu kwa mgongo wa kisu, utapata karibu gramu 120. Kwa vikombe viwili tofauti imeshafika gramu 60, yaani nusu kikombe. Nunua mizani. Kabla ya mashine ya kukorogea, kabla ya rangi na mapambo, kabla ya vyombo vya umbo la moyo, nunua mizani.

Sasa shimo lako. Keki hupandishwa na gesi na mvuke, lakini husimama pale mayai yanapoiva na wanga wa unga unapovimba na kushika. Katikati ndiko joto huchelewa kufika. Ukifungua mlango mapema ili uchungulie, au ukiitoa kwa sababu tu juu imepata rangi, gesi hutoroka wakati ndani bado ni uji. Beking pauda ikizidi nayo huleta balaa hilohilo, kwa kuwa keki hupanda upesi kabla haijaweza kujishika. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kila gramu 125 za unga kinatosha kwa keki nyingi. Mlango usiguswe mpaka robo tatu ya muda ipite. Kisha choma kijiti katikati, si pembeni. Kikitoka na uji, iache iendelee kuiva. Kikitoka kikavu au na chembe mbili tatu, bonyeza juu kwa kidole; keki ikiinuka tena, imeiva.

Beking pauda imeniishia. Naweza kutia beking soda kiasi kilekile?

Hapana. Swali hili huja kila mara, na kila mara kuna mtu ameshaweka keki kwenye oveni kabla ya kuuliza. Soda peke yake ina nguvu takriban mara tatu ya pauda, tena inahitaji asidi ili ifanye kazi: mtindi, maji ya limau, siki. Bila asidi keki inakuwa na ladha ya sabuni. Pauda ni soda iliyokwisha kuchanganywa na asidi yake ikiwa kavu; Mwingereza Alfred Bird aliitengeneza mwaka 1843 kwa ajili ya mke wake, ambaye hamira ilikuwa ikimdhuru. Na pauda yoyote iliyokaa kabatini ijaribu kwanza: tia kijiko chake kimoja kwenye maji ya moto. Isipotoa mapovu kwa nguvu, itupe.

Nikipunguza sukari nusu, nikatia mafuta badala ya siagi na nikaacha mayai, itatoka?

Itatoka kitu kingine. Oka kwanza kama ilivyoandikwa, kisha badilisha jambo moja kwa wakati mmoja.

Mkate wangu wa kwanza ulitoka mzuri mpaka wageni wakauliza nimenunua wapi. Wa pili, kwa vipimo vilevile, umekuwa mgumu na mzito. Nimekosea wapi?

Hongera kwa ule wa kwanza. Ninasikitika hukuandika ulichofanya, maana sasa huna pa kurudia. Vipimo vya macho haviwi "vilevile" hata siku moja.

Anza hapa: unga gramu 500, maji gramu 325 (nayo yapime kwa mizani), chumvi gramu 10, na gramu 5 za hamira kavu ya kuchanganya moja kwa moja na unga. Unga ukizidi gramu 60 kwa maji yaleyale, donge linakaza na gesi inashindwa kulitanua. Kosa kubwa kuliko yote hutokea mezani: donge likinata vidoleni, mtu anamwaga unga konzi baada ya konzi mpaka mikono ibaki safi. Acha kabisa tabia hiyo. Kunata mwanzoni ni kawaida. Lifunike donge, liache dakika 20 unga unywe maji, kisha kanda. Litalainika na kubanduka mezani lenyewe. Kata kipande kidogo, kivute polepole kwa vidole pande zote. Kikitanda hadi mwanga upite kabla hakijachanika, umekanda vya kutosha.

Angalia pia maji. Hamira ni kiumbe hai, na maji yanayokaribia nyuzi 60 za Selsiasi huiua. Yawe vuguvugu, nyuzi 35 hadi 40, ambayo kifundo cha mkono hakioni moto wake.

Halafu kuna saa. Aliyeandika "acha liumuke saa moja" alikuwa akilitazama donge lake, katika joto la jiko lake. Siku ya baridi la kwako linaweza kutaka mara mbili ya muda huo. Baada ya kuliumba, libonyeze kwa kidole chenye unga. Shimo likirudi upesi, subiri. Likirudi polepole na kubaki alama, wakati umefika. Lisiporudi kabisa limepitiliza, basi liingize kwenye oveni sasa hivi.

Nilikata mkate ukiwa moto, ndani unanata kama gundi.

Ungesubiri. Wanga unaendelea kushika mkate unapopoa, kwa hiyo upe saa moja au mbili juu ya wavu wa waya.

Resipe inataka chombo cha duara cha sentimita 20, mimi nina cha 23. Si karibu sawa?

Si sawa. Eneo la kile cha kwanza ni kama sentimita za mraba 314, na chako ni 415, karibu theluthi moja zaidi. Keki itakuwa nyembamba na itakauka. Zidisha vipimo vyote kwa 1.3, au ikague mapema.

Biskuti zangu zinatandazika zinakuwa kitu kimoja trei nzima.

Siagi yako imeyeyuka. Inatakiwa ilainike tu, kidole kizame bila kuteleza. Weka madonge kwenye friji nusu saa kabla ya kuoka, na usiyapange juu ya trei iliyotoka motoni. Na kwa kuwa uliongeza kwamba watoto hulamba bakuli: usiwaruhusu. Watu wanaogopa mayai mabichi na kusahau unga. Unga mbichi nao unaweza kubeba salmonela na E. koli, kwa sababu haujapikwa kiwandani kuua vijidudu.

Nimeoka keki mara mbili ikatoka vizuri sana. Nianze kupokea oda?

Bado. Oka keki hiyohiyo, chombo kilekile, mpaka itoke sawa mara kadhaa mfululizo, hata siku uliyochoka. Nunua kipimajoto cha kuning'iniza ndani ya oveni, maana namba ya kwenye kitufe na joto lenyewe mara nyingi havilingani. Weka daftari: tarehe, uzito, joto, dakika, na keki ilivyokuwa ulipoikata.

Na usikubali kamwe oda ya ukubwa ambao hujawahi kuoka. Keki ya sentimita 30 huungua kingo kabla katikati hapajaiva, isipokuwa umepunguza joto na kuongeza muda, na hilo hujifunzi usiku wa kuamkia harusi ya mtu. Siku utakapoanza, andika viungo vyote juu ya boksi: ngano, mayai, maziwa, karanga. Mzio unaweza kuua. Usingoje mteja aulize.