Shaba ing'ae kama kioo: kazi iko kwenye msasa

Hapa Lubumbashi, karibu kila mtu anayeniletea sinia au picha ya shaba huuliza swali lilelile: "Fundi, unapaka dawa gani?" Dawa huja mwisho kabisa. Sura yako utaiona kwenye shaba kwa sababu ya msasa, na kama msasa haukufanya kazi yake, hakuna dawa utakayonunua mitaani Kamalondo wala Katuba itakayoficha mikwaruzo.

Osha kwanza kwa sabuni, maana mafuta yanaziba msasa. Shaba iliyopiga weusi au kijani isugue kwa limau na chumvi, kisha isuuze papo hapo kwa maji mengi na uikaushe. Limau likibaki, madoa yatarudi upesi.

Bamba lenye mikwaruzo midogo naanza nalo kwa msasa namba 400; namba ikipanda, msasa unakuwa laini zaidi. Ukucha ukinasa kwenye mkwaruzo, rudi hadi 240. Baada ya hapo panda bila kuruka: 400, 600, 800, 1000, 1500, 2000. Kila msasa unafuta alama za ule uliotangulia. Ukitoka 400 ukarukia 1500, utalainisha juu tu, na mikwaruzo yenye kina itabaki chini ikikusubiri siku sinia litakapotundikwa mbele ya dirisha.

Kinachonisaidia kuliko vyote ni kubadilisha mwelekeo. Namba 400 nikiisugua kwa urefu wa bamba, 600 naisugua kwa upana, na 800 kwa urefu tena. Halafu nalipeleka bamba mlangoni, naliinua usawa wa jicho na kuliinamisha taratibu mpaka mwanga ulale juu yake. Mistari yote ikifuata upande mmoja, naendelea. Nikiona hata mmoja unaokatiza, huo ni wa msasa wa nyuma, na sibadilishi namba mpaka utoweke.

Zungushia msasa kipande cha ubao ulionyooka. Vidole vitupu vinachimba mabonde, na uso wa anayejitazama utaonekana umepinda.

Kuanzia 600 natumia msasa wa maji, na beseni lenye tone la sabuni. Maji yanabeba unga wa shaba usiingie puani. Kabla ya kupanda namba naosha bamba, ubao na mikono, na maji ya zamani namwaga. Shaba ni laini: chembe moja ya 400 iliyojificha kwenye beseni itakuchorea mstari mrefu ukiwa umeshafika 2000, na itabidi urudi chini.

Sasa dawa ya kung'arishia. Ya kahawia kwanza, kisha nyekundu, ambayo ni unga laini sana wa oksidi ya chuma. Kila moja na kitambaa chake. Umeme ukikatika, mkono na kitambaa cha pamba vinatosha, ila utachelewa. Kwenye mashine ya kung'arishia, gurudumu lake la kitambaa likizunguka kuja kwako, gusisha bamba chini ya katikati yake, na usiulekeze ukingo dhidi ya mzunguko. Glavu za kitambaa zivue, mikono ya shati ikunje. Gurudumu likinasa uzi linavuta na mkono.

Kuna kitu sikipigi msasa hata nikilipwa: ile misalaba ya shaba ya zamani iliyokuwa pesa huku Katanga, iliyowekwa hata kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Yaya mmoja, yaani mtu anayenizidi umri, aliniletea wa babu yake akitaka ung'ae. Nilimwomba aufute vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Ule weusi ndio umri wake, na ukishautoa haurudi.

Sinia likishang'aa, usilishike kwa vidole vitupu. Jasho linaacha alama zinazogeuka nyeusi. Lifute kwa spiriti, lipake nta nyembamba, ulisugue kwa kitambaa safi. La kutundika ukutani linaweza kupigwa vanishi angavu ya chuma. Linaloshikwa kila siku nta inalitosha, urudie linapoanza kufifia, hasa msimu wa mvua.