Re: Kompyuta imemfukuza refa wa besiboli?

Hapana mkuu, refa yupo. Kwenye MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, kuanzia msimu wa 2026 bado yeye ndiye anaita straiki (mpira uliopita ndani ya eneo la kupigwa) au boli (uliopita nje); kamera zinaamua pale tu mtu akipinga. Na kocha haruhusiwi kupinga. Ni mrushaji, mdakaji au mpigaji mwenyewe, anagonga kofia yake hapohapo, jibu linaonekana kwenye skrini ya uwanja. Kila timu inaanza na nafasi 2 za kupinga, ukipatia inabaki. Naipenda kuliko VAR ya kusubiri mpaka chai ipoe.

Unachokisema wewe ni Korea Kusini: tangu 2024 mashine inaamua kila mpira, refa anasikia sikioni na kutangaza tu.

Mpigaji kuinama ili eneo lipungue pia hakusaidii, MLB eneo la straiki linapimwa kwa kimo chake: mpaka wa juu asilimia 53.5 ya kimo, wa chini 27.