Wati Tano Zatosha: Kuishi na Amplifaya Ndogo ya Valvu Mombasa

Juzi nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa Kisauni. Ana amplifaya ndogo ya valvu (vile vichupa vya kioo vinavyong'aa ndani na kukuza sauti ya gita) aliyoachiwa na mjomba wake aliyekuwa baharia, anapiga gita kanisani, na sasa ameitwa kujaribiwa na bendi inayopiga kwenye mahoteli ya Pwani Kaskazini. Kiongozi wa bendi alipoona picha ya amplifaya yenyewe alicheka, akamwambia, "Kijana, hicho ni kidude cha chumbani. Ukija kwangu njoo na mzigo." Sasa anataka kuiuza, aongezee pesa, anunue ya wati 100 ambayo muuzaji amemtumia picha. Ananiuliza naonaje.

Naona usiuze, ndugu yangu.

Nakujibu kwa ukali kidogo kwa sababu kicheko hicho nakijua. Yangu ni Epiphone Valve Junior: wati 5, spika ya inchi 8, valvu mbili tu ndani, na kwa juu kitufe kimoja cha volyumu. Besi hakuna, trebo hakuna, mwangwi hakuna. Binamu yangu alinibebea kutoka Marekani ndani ya sanduku la nguo, imeviringishwa majinzi. Mara ya kwanza kuipandisha jukwaani, kwenye hoteli ambayo sitaitaja, mkubwa wa bendi aliizunguka kama mtu anayekagua mbuzi mnadani, kisha akasema kwa sauti ya kufika jikoni, "Yakhe, hii ni redio ya nyanyako?" Wenzangu wakacheka. Wahudumu nao wakacheka, na wale hata hawajui amplifaya ni nini. Usiku ule nilipigia kwenye mashine yao kubwa ya transista, vile vipande vidogo vilivyochukua nafasi ya valvu, na wiki iliyofuata nafasi yangu akapewa mwengine.

Sina kinyongo. Ila nasikia siku hizi bwana yule hutembea na pedali ya kidijitali, na kazi ya pedali hiyo ni kuigiza sauti za amplifaya ndogo za valvu za zamani. Aliinunua ghali. Mimi ninayo yenyewe nyumbani. Basi, tuyaache hayo.

Kwanza hili la wati. Tukiona 5 na 100 tunadhani ya pili ina sauti mara ishirini ya ile ya kwanza. Sikio halihesabu hivyo. Kutoka wati 5 hadi 10 unaongeza desibeli 3 tu (ndicho kipimo cha ukali wa sauti), tofauti ya kutega sikio. Ili usikie kana kwamba sauti imezidi maradufu, nguvu lazima iongezeke kama mara kumi, yaani kutoka 5 hadi 50. Kwa hiyo ile ya 100 unayoililia, spika zikiwa sawa, itakupa sauti ya mara mbili na nusu hivi ya hiyo uliyonayo. Halafu uibebe mwenyewe kutoka steji ya matatu hadi jukwaani, na mkono mwengine umeshika gita.

Na utamu wa valvu uko wapi? Uko pale inapoanza kulemewa. Transista ikizidiwa hukata sauti ghafla, ikakwaruza. Valvu huibana polepole. Noti inanenepa, inavutika, na ukilegeza vidole inarudi kuwa safi bila wewe kugusa kitufe chochote. Mimi hupiga rumba na chakacha, si mtu wa roki. Volyumu ya amplifaya naiweka juu ya nusu, kisha nashusha ile ya kwenye gita. Nikicharaza kwa upole ni kengele tupu, nikikaza mkono kidogo sauti inatoa jasho. Sasa ipeleke hiyo ya wati 100 kwenye fleti ya Tudor. Utaifungua mpaka moja, jirani wa chini atapanda ngazi, na valvu zenyewe zitakuwa hazijajua kama umewasha. Utakuwa na mashine kubwa ambayo hujawahi kuisikia sauti yake.

Wakubwa walilijua hili. Eric Clapton, mpiga gita wa Uingereza, mwaka 1970 aliingia studio kule Miami na Fender Champ, kisanduku cha wati 5 hivi chenye spika ya inchi 8, na watu wanaitafuta sauti ile mpaka leo. Na hapa kwetu, miaka ya 1950 kina Fundi Konde walipokuwa wakirekodi nyimbo zao, amplifaya za gita zilikuwa za valvu, za transista zilikuwa bado kuja.

"Lakini hotelini watanisikiaje?" Kwa maikrofoni. Hoteli ina spika zake kubwa za ukumbi, kazi ya kupaza sauti waachie wao. Tafuta Shure SM57, ambayo haijabadilika sana tangu 1965 na karibu kila fundi mitambo wa Pwani anayo moja iliyobonyea, uielekeze kwenye spika kwa umbali wa vidole viwili, kando kidogo ya kile kitumba cha katikati. Katikati kabisa sauti hutoboa masikio. Kisha usiiweke amplifaya sakafuni ikapigia magoti yako. Iweke juu ya kiti cha plastiki, iinue uso ikutazame wewe. Kiti kikianza kutetema weka leso iliyokunjwa chini yake.

Sasa tuje kwenye stima, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo vifaa vinapokufa.

Yangu iliundwa kwa volti 120 za Marekani. Ukutani kwetu kuna 240. Ukiichomeka hivi hivi fyuzi inakatika, na hapo umebahatika. Usipobahatika transfoma ya ndani inaondoka nayo. Kwa hiyo kitu chochote cha mjomba baharia kigeuze kwanza, usome nyuma kimeandikwa volti ngapi. Usimuulize mtu, soma. Ikiwa ni 120 utahitaji transfoma ya kushusha, na ununue yenye uwezo mkubwa kuliko unaohitajika ili isichemke. Kuna jambo moja wauzaji hawalisemi: transfoma nyingi za aina hiyo upande wa kutokea zina matundu mawili tu, waya wa ethi, ule wa kupeleka stima ardhini, umeachwa njiani. Nyuzi za gita lako ni za chuma, nazo zimeungana na ethi ya amplifaya kupitia ule waya unaochomeka. Ethi ikiwa haipo, na kitu kikaungua ndani, njia ya stima kwenda ardhini ni wewe, hasa ukiwa pekupeku kwenye sakafu ya simiti na midomo imegusa maikrofoni. Tafuta yenye matundu matatu, na umwite fundi akupimie kama la tatu limeungwa kweli, maana mengine ni ya urembo.

Halafu kuna kupotea na kurudi. Stima ikipotea, chomoa. Usikae gizani unasubiri na swichi imewashwa, kwa sababu ile dakika ya kurudi ndiyo yenye fujo, inapanda, inashuka, inapotea tena. Mimi nimeiweka amplifaya nyuma ya kile kifaa cha kulindia friji, kinachokata volti zikizidi au zikipungua, kisha kinangoja dakika chache kabla ya kurudisha. Mamangu alilalamika friji imenyang'anywa haki yake. Ikabidi ninunue cha pili.

Nimekutajia fundi, na hapa pia uwe makini. Vijana wengi wa kutengeneza simu ni hodari, lakini valvu hawajawahi kuigusa, na ndani ya hicho kisanduku chako mna volti 300 na zaidi. Tena zinabaki. Unazima, unachomoa, na kapasita, vile vipande vinavyohifadhi stima, zimeshikilia moto wa kumwangusha mtu. Wangu ni mzee mmoja upande wa Mwembe Tayari ambaye ujana wake wote alitengeneza redio za valvu. Nilipompelekea alifungua kifuniko cha nyuma, akazitazama valvu mbili zile, akatabasamu kama ameona watoto wa marehemu rafiki yake. Kisha akatia mkono wa kushoto mfukoni mwa kanzu, na kazi yote ya kupima akaifanya kwa wa kulia.

"Mzee, mkono umekuuma?"

"La, mwanangu. Stima ikiingia mkono huu ikatokea mkono ule, inapita moyoni. Huu nimeupumzisha."

Kabla ya kugusa chochote alizimaliza kapasita kwa rezista yenye waya mrefu, akapima mita ikaonyesha sifuri, akangoja, akapima tena. Fundi atakayeingiza bisibisi bila kufanya hayo, mpokonye mashine yako uondoke.

Wewe mwenyewe mambo ya kufanya ni machache. Valvu ndogo ya mwanzo, 12AX7, ambayo Ulaya huandikwa ECC83, igonge kwa ncha ya penseli mashine ikiwa imewashwa. Ikilia kwenye spika kama bilauri, imechoka. Ile ya nguvu, yangu ni EL84, itazame taa zikiwa zimezimwa. Rangi ya chungwa katikati ni sawa. Mng'ao wa buluu kwenye kioo usikutishe, ni kawaida. Lakini bamba lake la chuma likiwa jekundu kama kaa, zima pale pale. Usiwashe kamwe spika ikiwa imechomolewa, transfoma ya kutolea sauti huungua. Na kuvuma kidogo kwa chini uzoee, amplifaya zenye valvu moja tu ya nguvu ndivyo zilivyo.

Valvu zenyewe siku hizi hutengenezwa zaidi Urusi, Slovakia na China, na mimi sijawahi kuzikuta kaunta ya duka lolote la Mombasa. Agiza za akiba mapema, kabla hizo hazijafa. Ya nguvu huchoka kwanza.

Kisha bahari. Hii hewa yetu tunayoisifu ina chumvi, na chumvi haina adabu. Tundu la kuchomekea gita linaota kutu ya kijani, miguu ya valvu inashika uchafu, sauti inaanza kukatika katika, na mtu asiyejua anatupa valvu nzima wakati kilichotakiwa ni kuzichomoa zikiwa baridi na kupuliza dawa ya kusafishia viunganisho. Usiiweke karibu na dirisha linalotazama maji. Ikishapoa, ifunike. Ikishapoa, nimesema, kuna mtu alinifunikia leso ikiwa bado ya moto na nyumba nzima ikanuka. Na ifungue nyuma kila baada ya muda, maana mahali penye joto na giza mende hupapenda. Kwangu nilimkuta mjusi amelala juu ya transfoma, hana habari na mtu.

Jambo la mwisho ni watu unaokaa nao. Adhana ikilia mimi huacha kupiga, lakini siizimi. Nashusha volyumu mpaka sifuri nasubiri, kwa sababu kuwasha na kuzima kila saa huzichosha valvu kuliko kuziacha ziwake kimya. Jirani yangu wa juu alinishukuru kwa hilo, na tangu hapo nikipiga jioni hanigongei sakafu. Vijana mnapenda kununua vifaa kwa macho, mkipigia picha na marafiki, kisha mnashangaa mbona hampati nafasi ya kufanya mazoezi. Mazoezi hayafanyiki ukumbini. Yanafanyika chumbani, saa mbili usiku, mama anapika na mtoto analala, na kwa saa hiyo hakuna mashine ya wati 100 duniani itakayokufaa. Anayekucheka kwa udogo wa amplifaya hajawahi kukaa nayo peke yake. Nenda kwenye majaribio na hicho hicho ulichoachiwa na mjomba, omba maikrofoni moja, piga. Wakikukataa, wamekataa vidole vyako, na dawa ya vidole haiuzwi dukani.

Na kuhusu hiyo uliyotumiwa picha: amplifaya ya valvu ya wati 100 kwa kawaida ina valvu nne za nguvu, nazo hubadilishwa zote kwa pamoja, zimelinganishwa, kisha fundi azirekebishe upya kwa mita. Muulize muuzaji alizibadilisha lini na seti moja ni pesa ngapi. Akishakujibu, niandikie tena.