Mnauliza, Tunajibu: Tom McClintock, mhafidhina wa California

Barua kadhaa zimekuja kuhusu mbunge huyu wa Marekani. Tuwekane sawa kwanza kuhusu maneno: hapa "jimbo" ni California au Texas. Sehemu anayochaguliwa mbunge tunaiita "eneobunge", kama wasemavyo Kenya. Tanzania hiyo nayo ni jimbo, na tukiyachanganya tutapotezana njiani.

California ni ngome ya Democratic. Huyu wa Republican, tena mhafidhina, anapitaje? (Msomaji, Arusha)

Anapita kwa sababu California si moja. Pwani ya San Francisco na Los Angeles ina watu wengi na inawapa Democratic ushindi wa jimbo zima, lakini vilima vya Sierra Nevada huko mashariki ni nchi nyingine kabisa. McClintock mwenyewe ni ushahidi. Aligombea vyeo vya jimbo zima mara kadhaa na hakupata hata kimoja: udhibiti wa fedha za jimbo mwaka 1994 na 2002 (mara hii ya pili alikosa kwa chini ya nusu asilimia), ugavana 2003, unaibu gavana 2006. Kwenye maeneobunge amedumu. Aliingia baraza la chini la jimbo, huko Sacramento, mji mkuu wa California, mwaka 1982 akiwa na miaka 26, akakaa hadi 1992. Akarudi 1996, akaingia Seneti ya jimbo mwaka 2000 na kubaki hadi 2008.

Mwaka huo ukomo wa mihula ulimfikia. Wapiga kura waliupitisha mwaka 1990, hesabu ikianzia hapo: miaka 6 baraza la chini, 8 Seneti. Akahamishia siasa zake kaskazini-mashariki, mbali na Thousand Oaks alikozoeleka, akagombea Bunge la Marekani lililoko Washington. Nyumba yake, Elk Grove, ilikuwa nje ya eneobunge, hivyo hakuweza kujipigia kura. Katiba ya Marekani inamtaka mbunge awe mkazi wa jimbo tu, haidai aishi kwenye eneobunge. Alishinda kwa kura kama 1,800.

Republican wachache kama yeye walikuwa na nguvu gani Sacramento? (Msomaji, Morogoro)

Kubwa, hadi 2010. Bajeti ya California ilihitaji theluthi mbili: kura 54 kati ya 80 za baraza la chini, na 27 kati ya 40 za Seneti. Republican wakishikamana, bajeti inakwama, na kweli ilikwama majira mengi ya joto. Mwaka 2010 wapiga kura waliishusha iwe wingi wa kawaida, yaani 41 na 21. Kodi mpya bado inadai theluthi mbili. Ukisoma msimamo wake wa miaka ile bila kujua hesabu hii, utadhani alikuwa anapiga kelele tu. Sivyo, "hapana" yake ilikuwa na bei.

Katiba yetu ya 2010, ibara ya 104, inazungumzia kumrudisha mbunge nyumbani. California walimng'oaje gavana, naye McClintock alikuwa wapi? (Msomaji, Nakuru)

Anza na gari. Ada ya kila mwaka ya gari ilikuwa asilimia 2 ya thamani yake, ikashushwa hatua kwa hatua kuanzia 1998 hadi asilimia 0.65. Gari la dola 20,000 lilitozwa 130 badala ya 400. Mwaka 2003 hazina ilikauka, Gavana Gray Davis akairudisha ada ile kwenye asilimia 2. McClintock alikuwa ameipinga kwa miaka mingi, na hasira ya wenye magari ikawa kuni za moto uliokwisha kuwaka.

Kumng'oa gavana kunadai saini za asilimia 12 ya kura zilizopigwa uchaguzi wa ugavana uliotangulia. Mwaka ule ilikuwa 897,158, na zilizokubaliwa zilizidi milioni 1.3. Karatasi ya kura ina maswali mawili: aondoke au abaki? Akiondoka, nani achukue? Kugombea kulitaka saini 65 na dola 3,500, kwa hiyo walijitokeza 135. Viongozi wengi wa chama walimtaka McClintock ajitoe asigawe kura. Alikataa. Oktoba 7 Arnold Schwarzenegger wa Republican alipata asilimia 48.6, Cruz Bustamante wa Democratic 31.5, McClintock 13.5.

Schwarzenegger aliishusha ada tena Novemba. Lakini fedha zile zilikuwa zinaendesha miji na kaunti, na ikabidi hazina ya jimbo ifidie takriban dola bilioni 4 kwa mwaka. Hapo hoja ya McClintock ina mguu mmoja: kodi ilipungua, matumizi hayakupungua, nakisi ikabaki pale pale.

Ni mtu wa Trump au siyo? (Msomaji, Zanzibar)

Swali hilo halitakufikisha mbali kwake. Yeye huuliza kwanza: nani ana mamlaka ya kuamua?

Januari 2021, baada ya Trump kushindwa uchaguzi, alikataa kupinga kura za wajumbe wa urais, wale wanaomchagua rais kwa niaba ya majimbo. Hoja yake: majimbo ndiyo huteua wajumbe, Bunge kazi yake ni kuhesabu. Wiki moja baadaye akapinga pia kumshtaki Trump bungeni. Kuhusu bangi, mwaka 2015 alishirikiana na Jared Polis wa Democratic kutaka serikali kuu isitumie fedha kuingilia majimbo yaliyoihalalisha. Walishindwa kwa 206 dhidi ya 222. Mwaka 2019 pendekezo kama hilo lilipita kwa 267 dhidi ya 165, ingawa halikuwa sheria.

Februari 6, 2024 ndipo panapomwonyesha vizuri zaidi. Republican walitaka kumshtaki Waziri wa Usalama wa Ndani, Alejandro Mayorkas, kwa sababu ya sera ya wahamiaji kwenye mpaka wa Mexico. McClintock aliichukia sera ile waziwazi, lakini akaandika waraka kueleza kwamba utendaji mbovu si kosa la kumng'olea mtu. Ana historia upande wake: mwaka 1787, Katiba ya Marekani ilipokuwa inaandikwa, George Mason alipendekeza "utendaji mbovu" uwe sababu, James Madison akapinga, neno likaondolewa. Hoja ilianguka, 214 kwa 216. Wiki moja baadaye ilipita 214 kwa 213, bado bila kura yake. Aprili Seneti ikaitupa.

Nitahakikishaje kura zake mwenyewe? (Msomaji, Muscat)

Nenda clerk.house.gov, tafuta kwa mwaka pamoja na namba ya kura. Namba huanza upya kila mwaka, usipotaja mwaka utasoma kura nyingine. Kisha fungua muswada huo congress.gov uone maandishi ya siku ile, maana hubadilishwa njiani. Kura za sauti, zile za "walioafiki wameshinda", hazina majina.

Usikimbilie orodha. Kwenye ile ya Februari 6 utamkuta Blake Moore wa Utah kwenye "hapana" pamoja na McClintock. Moore aliunga mkono mashtaka. Alibadili kura mwishoni kwa sababu ni aliye upande ulioshinda tu anayeweza kuomba hoja irudiwe. Kwa miaka ya Seneti ya jimbo tumia leginfo.legislature.ca.gov, miswada yake ikianzia na herufi SB. Kura za 1982 hadi 1992 zitafute kwenye kumbukumbu za kila siku za baraza zilizochapishwa.